Meno ya plastiki, kutambaa, kuvunja ungo: tunayoyaamini na yalivyo

"Ana mwaka mzima na hatembei, huyu ana tatizo."

Majirani ndio huanza kuuliza, kisha bibi anashauri lichimbwe shimo mtoto asimamishwe humo ili miguu ikaze. Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wenye afya katika nchi tano, Oman na Ghana zikiwamo, na mwaka 2006 likatoa vipimo: kutembea mwenyewe huweza kuanza kwenye miezi 8, na huweza kungoja hadi karibu miezi 18. Wawili waliozaliwa siku moja wanaweza kupishana miezi tisa na wote wakawa wazima. Wapo pia, kama 4 katika kila 100, ambao hawakutambaa kabisa kwa mikono na magoti. Waliinuka tu wakaenda. Vigari vya kujifunzia kutembea haviharakishi kitu, na Kanada ilivipiga marufuku mwaka 2004 kwa sababu watoto walikuwa wakiporomoka navyo kwenye ngazi.

Mpeleke kliniki akifika miezi 9 hajakaa bila kushikwa, miezi 18 hajatembea, au, na hili ndilo zito zaidi, akiacha kufanya alichokuwa ameshakiweza.

"Meno ya plastiki yasipong'olewa, mtoto atakufa."

Mtoto anaharisha, ana homa, ufizi umevimba na una weupe. Anapelekwa kwa fundi wa kung'oa, naye anauchokonoa kwa msumari, spoku ya baiskeli au kisu. Kinatoka kitu cheupe, laini, na mama anaonyeshwa kama ushahidi. Kile ni jino la utoto, mara nyingi chonge, ambalo lilikuwa bado linajengwa ndani ya ufizi. Ndiyo maana ni laini.

Kuharisha kunatoka kwingine. Kwenye miezi sita mtoto anaanza uji, anatia kila kitu mdomoni, na kinga aliyotoka nayo tumboni imepungua. Umri huohuo ndio meno yanaanza kuchomoza, basi meno yanabeba lawama. Mtoto akipona, fundi anasifiwa, ingawa kuharisha kwingi huisha kwenyewe baada ya siku chache. Asipopona, husemwa kwamba alichelewa kuletwa. Kwa hesabu hiyo fundi hawezi kukosea hata siku moja! Wanaolipa ni watoto: kuvuja damu, pepopunda, hatari ya VVU, na jino la ukubwani kuota limeharibika au kutoota kabisa. Mtoto anayeharisha anahitaji maji ya ORS, zinki na kunyonya zaidi, na homa ikiwa kali apimwe malaria.

Na yule anayetanguliza meno ya juu, ambaye wazee walimwita kigego wakamhofia kuwa ana nuksi? Hana lolote. Meno yake yamebadilisha foleni tu.

"Lugha mbili zinamchelewesha kusema."

Hapana. Anayesikia Kisukuma kwa bibi na Kiswahili kwa mama hesabu maneno yake ya lugha zote mbili kwa pamoja. Kama ana miaka miwili na hajaunganisha hata maneno mawili, masikio yapimwe kwanza.

"Kikojozi ni mvivu, achapwe."

Kiboko hakimfikii aliyelala usingizi mzito. Katika watoto wa miaka 5, kama 15 kati ya 100 bado hukojoa kitandani, na tabia hii hurithiwa. Baba anayeshika fimbo angemuuliza kwanza mama aliyemzaa yeye mwenyewe alikuwaje.

"Akivunja ungo ameshakuwa mwanamke."

Hedhi ya kwanza huja kati ya miaka 10 na 15, kwa kawaida miaka miwili hivi baada ya matiti kuchomoza. Nyonga huendelea kukua kwa miaka kadhaa baadaye, kwa hiyo binti anayebeba mimba mapema yumo katika hatari ya mtoto kukwama wakati wa kuzaa, na ya fistula, yaani tundu linalomfanya avujwe na mkojo au kinyesi. Nchini Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana aolewe na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, hata 14 kwa ruhusa ya mahakama. Mahakama Kuu ilisema mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019.

Mzunguko kuruka mwezi katika miaka miwili ya mwanzo ni jambo la kawaida. Mama asikimbilie kumtuhumu binti.

"Chunusi zitaisha ukianza kulala na wanawake."

Uongo wa vijiweni. Homoni za balehe huamsha tezi za mafuta kwenye ngozi, na ngono haizizimi. Kinachowanyima wavulana wengi raha ni kingine wasichothubutu kukisema: uvimbe mdogo nyuma ya chuchu. Huwapata karibu nusu yao, na kwa kawaida hupotea ndani ya miaka miwili. Ukizidi kukua au ukitoa majimaji, aonwe na daktari.