Je, wajua kwa nini mkazi wa Dodoma hana muuzaji wa pili wa umeme?

Mkazi wa Dodoma anaweza kuhama mtandao wa simu wakati wowote, lakini akinunua LUKU, awe anaishi Nkuhungu au Ipagala, fedha zake huishia TANESCO, shirika la umeme la serikali. Jambo hili huwashangaza wengi, kwa kuwa Sera ya Nishati ya mwaka 1992 iliruhusu kampuni binafsi kuzalisha umeme, na Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 ikaweka leseni kwa kila hatua ya biashara hiyo chini ya EWURA, mdhibiti mwenye makao makuu papa hapa Dodoma.

Sababu imo katika hatua zenyewe. Umeme huzalishwa, husafirishwa, kisha husambazwa, na ni katika uzalishaji tu ambapo ushindani huingia bila taabu kubwa. Bwawa la Mtera, lenye mitambo ya megawati 80 mpakani mwa Dodoma na Iringa, ni la TANESCO. Mitambo ya gesi ya Songas pale Ubungo iliendeshwa na kampuni ya wawekezaji binafsi. Vyote viwili vimeingiza umeme katika gridi moja, nao ukishachanganyika hautambulikani umetoka wapi. Nyaya ni habari nyingine. Njia ya msongo wa kilovoti 400 kutoka Iringa hadi Shinyanga, inayopita Dodoma na Singida, ina urefu wa kilomita zipatazo 670, na kama mshindani angejenga ya pili kando yake, gharama ya zote mbili ingemwangukia mteja yuleyule. Huo ndio wachumi huuita ukiritimba wa asili.

Hata nchi zilizovunja mashirika yao hazikukwepa kikwazo hicho. Uganda iligawa bodi yake ya umeme kuwa kampuni tatu mwaka 2001, kisha mwaka 2005 ikaikodisha kazi ya usambazaji kwa Umeme, kampuni binafsi, kwa miaka 20. Mkataba huo uliisha Machi 2025 na kazi ikarudi serikalini. Katika miaka yote hiyo mkazi wa Kampala hakupata wauzaji wawili wa kuchagua. Uingereza mteja huchagua muuzaji, ila waya unaofika nyumbani kwake ni uleule, na muuzaji hulipia kuutumia.

Tanzania yenyewe imesitasita, na sidhani kusita huko ni uzembe mtupu. TANESCO iliwekwa katika orodha ya mashirika ya kubinafsishwa mwaka 1997, menejimenti yake ikakabidhiwa kampuni ya Afrika Kusini mwaka 2002, na mwaka 2005 shirika likaondolewa katika orodha hiyo. Mpango wa mageuzi wa mwaka 2014 ulikusudia kuligawa hatua kwa hatua hadi 2025, lakini bado linashika hatua zote tatu. Kilichofunguliwa kikweli ni mlango wa kuliuzia umeme shirika lenyewe, kwa mikataba ya muda mrefu ambayo baadhi yake ilidai malipo ya uwezo wa mitambo hata isipowashwa. Baadhi ya mikataba ya dharura ilisainiwa wakati wa ukame wa 2006, mabwawa yakiwa yamekauka na mgao ukiwa mkali. Mnunuzi mwenye shida namna hiyo hana nguvu ya kujadili bei.

Wako wachache wasionunua TANESCO. Wilayani Mufindi, mradi binafsi wa maporomoko ya Mwenga, wenye megawati 4, huuza umeme kwa gridi na pia moja kwa moja kwa vijiji jirani kupitia nyaya zake wenyewe. Wanavijiji hao nao wana muuzaji mmoja.