Viatu Vipya vya Barafu: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Aliyejifunza kuteleza kwenye barafu kwa viatu vya kukodi, iwe ni uwanja wa barafu wa Panari pale Barabara ya Mombasa, Nairobi, au ule wa Dubai Mall, hushtuka siku anapofunga kamba za viatu vyake mwenyewe. Vile vya kukodi vimeshalegezwa na miguu ya watu wengi. Hivi vipya ni vikavu kama ubao: kifundo hakikunjiki, goti haliendi mbele. Hapo ndipo ushauri unapomiminika kutoka kila upande, na sehemu yake kubwa huharibu ama viatu ama miguu.

"Lazima viume. Vikiacha kuuma ndiyo vimezoea."

Kuna kubana na kuna kuumiza. Buti jipya hukaza mguu kwa usawa pande zote, unyayo huchoka, na ukivua unaona wekundu unaofifia baada ya muda mfupi. Hilo ni la kawaida. Lakini vidole vikifa ganzi, mfupa wa kifundo ukichubuka mahali palepale kila ukivaa, au kano ya mbele ya kifundo ikiendelea kuuma hata umeshavua, tatizo ni kipimo, umbo au namna ulivyofunga kamba.

Kiatu kikizoea, kinachobadilika ni mkunjo wa kifundo na sponji ya ndani, ambayo hushika umbo la mguu wako. Urefu hauongezeki. Kwa hiyo pima kabla ya kulipa: legeza kamba zote, sukuma mguu mbele mpaka vidole viguse, kisha ingiza kidole cha mkono nyuma ya kisigino. Kimoja kiingie kwa kubana. Vikiingia viwili, rudisha kiatu rafuni. Halafu gonga kisigino nyuma, funga kamba, simama. Vidole viguse mbele kidogo tu, na ukikunja magoti virudi nyuma. Kisigino kikipanda, hakuna mazoezi yatakayokishusha.

Mfupa unaochubuka una dawa yake: fundi wa viatu vya barafu hupasha ngozi moto mahali hapo na kuisukuma nje kwa mashine. Ni kazi ya dakika chache, usiiache wiki tatu.

"Mnunulie mtoto namba kubwa, atakulia humo."

Kwa viatu vya shule tunajaza pamba mbele na maisha yanaendelea. Kwenye barafu mguu unaocheza ndani ya buti hauwezi kuongoza chuma, ule wembe wa chini unaoteleza. Mtoto hukunja vidole ili ashikilie, na jioni analalamika nyayo. Soksi ya pili huongeza makunyanzi, na makunyanzi ndiyo malengelenge. Vaa jozi moja nyembamba. Pia usiende kwa namba ya raba: viatu hivi mara nyingi huwa na namba ndogo kuliko ya viatu vya kawaida. Pima mguu kwa milimita ukiwa umesimama, uzito wote juu yake, kisha ulinganishe na jedwali la kampuni husika.

"Lowesha soksi kwa maji ya moto, uvae mpaka zikauke."

Mbinu ya zamani, ya enzi za buti za ngozi tupu. Buti za siku hizi zina gundi, sponji na matabaka ya sintetiki. Maji huingia kwenye mishono na buti huanza kuoza kwa ndani, usikokuona. Buti nyingi hutengenezwa ili zipashwe moto mkavu: kiasi cha nyuzi 80 za Selsiasi, kwa dakika chache, kwa maelekezo ya kampuni. Mwachie muuzaji. Oveni ya jikoni ina pembe zenye joto kali kuliko linaloandikwa kwenye kitufe. Kiatu kikitoka humo kinavaliwa, kinafungwa, nawe unakaa kitini magoti yamekunjwa mpaka kipoe. Kutembea wakati huo kunakipa umbo la kosa.

"Ingia nacho uruke siku hiyohiyo, kitalainika haraka."

Kitalainika, lakini vibaya. Anza nyumbani, vifuniko vya kukinga makali vikiwa kwenye chuma: dakika 15 hadi 20, ukikaa, ukisimama, ukikunja magoti polepole. Kwenye barafu, mara tatu nne za kwanza ziwe za nusu saa: kuteleza, kupinda, kusimama. Kuruka kungoje.

Kamba ndizo zenye siri. Vidoleni ziwe legevu kiasi cha kuvichezesha. Panapokunjika kifundo, kaza kwa nguvu, maana hapo ndipo kisigino kinaposhikiliwa. Kulabu za juu, legeza tena. Siku za mwanzo acha ile ya juu kabisa bila kufungwa, ili buti likunjike mbele linapostahili. Baada ya dakika kumi toka, funga upya: sponji imeshapata joto na kamba zimelegea.

Anayeanza akiuziwa buti la wanaoruka na kuzunguka mara tatu hewani "ili limdumu", anaweza kufuata yote haya na bado lisikunjike. Hana uzito wala nguvu ya kulikunja. Ugumu wa buti ufuate kiwango cha mtelezaji, si bajeti yake.

"Kimetoka dukani, chuma kiko tayari."

Mara nyingi hakijanolewa vizuri. Chini ya chuma kuna mfereji katikati ya kingo mbili. Mwambie mnoaji akate mfereji wa inchi 1/2 au 7/16 (hicho ni kipimo cha nusu kipenyo cha mviringo wake, si kina), na asiguse meno ya mbele. Skrubu nazo zikaguliwe baada ya kuteleza mara mbili tatu. Ukiona mguu mmoja unavutwa ndani kila mara, usijilaumu kwanza: huenda chuma kimefungwa pembeni kidogo. Ndiyo maana fundi mzuri huanza na skrubu chache kwenye matundu marefu, ili chuma kiweze kusogezwa. Soli ya ngozi ipakwe nta au rangi ya kuzuia maji kabla ya barafu ya kwanza. Maji yakiingia kwenye matundu ya skrubu, hazishiki tena.

"Kimeshapata mikunjo, kimekwisha."

Mikunjo ya mbele ya kifundo ndiyo uliyokuwa ukiitafuta. Kiatu kimekwisha pale kifundo kinapoangukia upande hata ukikaza kamba.