Je, wajua? Bibi asiyejua kusoma hufunzwaje ufundi wa sola katika nchi asiyoijua lugha yake

Katika kijiji cha Tilonia, jimbo la Rajasthan nchini India, kuna chuo kinachopokea wanafunzi ambao vyuo vingine vingewafungia mlango: wanawake wa makamo, wengi wao wenye wajukuu, kutoka vijiji visivyo na umeme vya Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Kihindi hawakijui, Kiingereza wengi hawakijui, na wapo ambao hawajawahi kukaa darasani. Baada ya miezi sita hurudi kwao wakiwa mafundi wa umeme wa jua. Wanawake wa Zanzibar wamo pia.

Chuo chenyewe ni Barefoot College, kilichoanzishwa na Bunker Roy mwaka 1972. Wanafunzi wa kigeni hugharamiwa na serikali ya India kupitia ITEC, mpango wa mafunzo kwa nchi zinazoendelea ulioanza mwaka 1964.

Sasa wanafunzwaje? Jibu kubwa ni rangi. Chukua rezista, kile kidude kidogo kama punje ya mchele chenye waya huku na huku, kinachopunguza umeme unaopita. Kina michirizi ya rangi, na kila rangi ina tarakimu yake, ni kanuni ya dunia nzima: nyeusi ni 0, kahawia ni 1, nyekundu ni 2. Ukikuta kahawia, nyeusi, kisha nyekundu, unasoma 1, unasoma 0, halafu unaongeza sifuri mbili: ohm 1,000 (ohm ni kipimo cha ukinzani wa umeme). Mhandisi hupiga hesabu hiyo kichwani. Mama wa Tilonia anaweza kuiruka kabisa, akashika tu kwamba yenye kahawia, nyeusi na nyekundu inakaa hapa, na ile nyingine inakaa pale. Kazi iliyobaki ni ya macho na mikono. Mwalimu anachomea lehemu, mwanafunzi anaiga; akikosea, lehemu inayeyushwa na kazi inaanza upya. Maneno machache ya vifaa hukaririwa na wote, na ishara za mikono huziba mapengo.

Mbinu hii haikubuniwa kwa ajili ya wageni. Ilikuwa ya wanakijiji wa Rajasthan wenyewe, ambao wengi hawakupata shule, na baadhi ya wanaofundisha ni wanawake waliojifunza palepale. Ndiyo maana naona inasafiri vizuri kuliko kozi nyingi za wafadhili. Haikulazimika kurahisishwa ili imfae mama wa kijijini, kwa sababu tangu mwanzo ilikuwa yake.

Kwa nini kina bibi? Roy amelisema mara nyingi: kijana ukimpa cheti, kesho yuko mjini anatafuta ajira, lakini bibi haondoki. Vijana wanaweza kuona wameonewa, ila anayejua kijiji kilichopoteza fundi wake wa pampu kwa namna hiyo atamwelewa.

Zanzibar ilikuwa na sababu zake za kuvutiwa na sola. Umeme wa Unguja hutoka Tanzania Bara kwa waya uliopita chini ya bahari. Mwaka 2008 kisiwa kilikaa gizani karibu mwezi mzima, kisha giza likarudi Desemba 2009 na kudumu miezi mitatu. Mjini ilikuwa balaa. Vijiji ambavyo nguzo hazijafika havikuona tofauti, vibatari viliendelea kuwaka kama siku zote.

Lakini kumtoa mama nyumbani miezi sita si jambo dogo. Lazima kijiji kimkubali, mume aridhie, na wa kumwangalizia watoto apatikane. Hivyo hatua iliyofuata ndiyo ninayoipa uzito zaidi: mafunzo yaliletwa Kinyasini, Kaskazini Unguja, na sasa mama anafundishwa kwa Kiswahili, nyumbani si mbali.

Wanadiplomasia huiita kazi ya aina hii ushirikiano wa Kusini na Kusini, yaani nchi zinazoendelea kusaidiana zenyewe kwa zenyewe. Nchi zilikubaliana mpango wake wa utekelezaji Buenos Aires mwaka 1978, na Mwalimu Nyerere baadaye aliongoza Tume ya Kusini iliyolivalia njuga suala hilo hadi 1990. India haikuishia kwa kina bibi pia: mwaka 2023 IIT Madras, moja ya vyuo vyake vikubwa vya uhandisi, ilifungua Zanzibar kampasi yake ya kwanza nje ya India.

Kinachobaki kuwa kigumu ni betri. Paneli hudumu miaka mingi, betri huchoka mapema zaidi. Kwa utaratibu wa Tilonia, kila nyumba huchanga ada ya mwezi, karibu na ile pesa ambayo ingenunua mafuta ya taa. Humo fundi analipwa na akiba ya vipuri inawekwa. Watu wakizembea kuchanga, fundi atabaki na ujuzi wake na hana cha kutengenezea. Hapo kamati ya kijiji ina kazi kuliko yeye.