Kegare ya Wajapani ni nini, na kwa nini sio dhambi

Neno kegare watu wengi wanalitafsiri "uchafu" wanaishia hapo, wengine wanasema ni "dhambi" na hao ndo wanapotea kabisa. Kegare ni hali inayokupata ukiguswa na kifo, damu au uzazi hata kama hujakosea chochote, yaani umefiwa na baba, umemzika vizuri, lakini kwa muda huo huendi kwenye hekalu la Shinto, dini ya asili ya Wajapani. Muislamu ataelewa haraka akikumbuka janaba, mwenye janaba sio muovu, anatakiwa kuoga tu.

Na dawa ya kegare kweli ni maji, pamoja na chumvi. Ukifika hekaluni kuna sehemu ya kunawa mikono na kusukutua mdomo, wakitoka msibani wengi wanajinyunyizia chumvi kabla ya kuingia ndani, alafu tarehe 30 Juni na 31 Desemba kuna ibada ya kutakasa watu wote. Kwenye Kojiki, kitabu cha mwaka 712, mungu Izanagi alimfuata mkewe kuzimu akamkuta ameoza, akakimbia akaenda kuoga mtoni, na alipoosha jicho la kushoto ndo akazaliwa Amaterasu, mungu wa jua. Cha ajabu maandishi yale yale ya kegare, 汚れ, ukiyasoma yogore yanakuwa tope la kwenye shati tu.

Sasa Thailand mambo mengine, kule uchafu mzito ni kilet, neno la dini ya Buddha, nao unakaa moyoni: tamaa, hasira, ujinga. Maji hayaufikii, ni mpaka uifundishe nafsi. Na borisut, yaani safi, ndo hilo hilo wanalomwitia bikira na mtu asiye na hatia. Kwa Kiingereza stain ni doa la nguo, wakalipeleka kwenye jina la mtu, kwa hiyo hapo kinachochafuka ni heshima yako mbele za watu.

Ila kegare ina upande unaoniuma sana. Waliochinja wanyama, kutengeneza ngozi na kushughulika na maiti walionekana wanayo siku zote, na watoto wao wakarithishwa, wakatengwa kwenye vijiji vyao. Serikali ilifuta tabaka hilo kisheria mwaka 1871, lakini wajukuu wao, wanaoitwa burakumin, wameendelea kubaguliwa kwenye ndoa na ajira, na hakuna chumvi wala maji waliyowahi kupewa ya kuwatoa humo.