Chai ya Kijani Kuchujuka: Maana Yake na Namna ya Kuichelewesha

Fungua pakiti ya chai ya kijani iliyosahaulika kabatini mwaka mzima. Huenda usione ukungu wala mdudu, na kama ilibaki kavu, ukiinywa haitakudhuru. Lakini majani yamepauka na kuelekea hudhurungi, harufu imekuwa ya nyasi kavu, na kikombe kina uchungu mtupu usioacha utamu wowote kooni. Chai hiyo haijaoza wala haijachacha. Imechujuka, kama nguo iliyoanikwa juani siku nyingi.

Kwa nini ichujuke upesi kuliko chai nyeusi, ilhali zote hutoka kwenye mmea mmoja, Camellia sinensis? Jani la chai nyeusi huviringishwa likaachwa lipigwe na hewa, na vimeng'enya vilivyomo ndani yake husaidia oksijeni kulibadili rangi na ladha. Yaani badiliko kubwa limekwisha kutokea kabla chai haijakufikia. Jani la chai ya kijani huzuiwa njiani: mara baada ya kuchumwa hupashwa joto, kwa mvuke kama wafanyavyo sana Wajapani, au kwa kukaangwa kwenye karai kavu kama ilivyo kawaida nchini China. Joto hilo hukomesha kazi ya vimeng'enya, na jani hubaki na ukijani wake.

Hata hivyo, oksijeni haihitaji vimeng'enya ili ifanye kazi. Bila hivyo huenda polepole tu. Katekini (kemikali za asili zinazoipa chai ukakasi), vitamini C na mafuta machache yaliyomo kwenye jani huendelea kushambuliwa siku baada ya siku, na mafuta hayo yakiharibika ndipo ile harufu ya ukale inapoanza. Klorofili, inayolipa jani ukijani, nayo huvunjika, hasa penye mwanga na joto. Kwa hiyo kuihifadhi chai ya kijani ni kuiweka mbali na hewa, mwanga, joto, unyevu na harufu za vitu vingine.

Kinachofaa ni kopo la bati au pakiti ya alumini inayofunga barabara, lenye ukubwa unaolingana na chai iliyomo. Kopo kubwa lenye chai kidogo limejaa hewa, na hewa ndiyo unayoikimbia. Chupa ya kioo inapendeza rafuni, nakiri, ila inairuhusu nuru kuingia kutwa nzima. Kama huna kingine, iweke ndani ya kabati lenye giza. Na kabati hilo lisiwe juu ya jiko.

Unyevu unastahili hofu ya pekee. Chai iliyokaushwa vizuri hubaki na maji kiasi cha asilimia 3 hadi 5 tu ya uzito wake, na jani kavu kiasi hicho hunyonya unyevu wa hewani kwa pupa. Wazalishaji wa chai ya kijani ya Longjing, huko Hangzhou nchini China, walikuwa wakiitunza ndani ya mitungi pamoja na vipande vya chokaa iliyochomwa vilivyofungwa kwa kitambaa, ili chokaa inywe unyevu kabla ya chai. Kwa hiyo usichote chai kwa kijiko kilicholowa maji, wala usifungue kopo juu ya birika linalotoa mvuke.

Harufu nayo huingia kwa njia hiyo hiyo. Chai ya yasmini hutengenezwa kwa kulichanganya jani la chai na maua usiku yanapochanua, kisha maua huondolewa na manukato yakabaki kwenye jani. Jani linalopokea yasmini kwa usiku mmoja litapokea pia kahawa, vitunguu na sabuni ulivyoweka kando yake.

Sasa friji. Watu wengi huchanganyikiwa hapa, na chai nyingi nzuri huharibikia humo. Baridi kweli hupunguza kasi ya kuchujuka, na pakiti ambayo haijafunguliwa hukaa vizuri sana kwenye friji. Hatari ni wakati wa kuitoa. Ukiifungua ingali baridi, mvuke wa hewani hugeuka matone juu ya majani, kama yanayoonekana kwenye gilasi ya maji baridi. Iache imefungwa mpaka ilingane na joto la chumba. Ukiitoa usiku, ifungue asubuhi. Ikishafunguliwa, isirudi kwenye friji kila siku. Itunze kabatini, uimalize ndani ya mwezi mmoja au miwili.

Chai ya unga, yaani matcha, haina subira hiyo. Jani limesagwa laini kabisa, na eneo linaloguswa na hewa limeongezeka mno. Nunua kopo dogo, ulimalize ndani ya wiki chache. Ushauri wa kununua kidogo kidogo naupa uzito kuliko mwingine wote, kwa chai yoyote ya kijani, maana hakuna kopo linalosimamisha muda. Tazama pia tarehe ya kuvunwa ikiwa imeandikwa, kwani tarehe ya mwisho wa matumizi haikuambii chai imekaa ghalani muda gani.

Na iliyokwisha kuchujuka, ilimradi ni kavu na haina ukungu, usiitupe. Itie kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, uitikisetikise mpaka igeuke hudhurungi na kunukia kama karanga. Wajapani huiita chai ya namna hiyo hojicha. Ukijani hautarudi, lakini uchungu hupungua na kikombe kinanyweka tena.