Maji ya alkali na tone la rangi

Mama mmoja alifika maabara kwetu na chupa ya maji aliyoachiwa na muuzaji wa mashine za maji ya alkali. Muuzaji alikuwa amempangia glasi tatu mezani, akadondoshea kila moja dawa ya rangi. Soda ikawa njano, maji ya bomba kijani, maji ya mashine zambarau iliyokolea. "Hiyo njano ni asidi, na asidi ndiyo inayoleta saratani, kisukari na presha," akamwambia. Mama alikuwa mbioni kukopa kikoba anunue mashine.

Tulichota maji ya bomba, tukatia magadi ya kupikia maharage, kiasi cha ncha za vidole viwili, tukadondosha dawa ya aina ile ile. Zambarau.

Rangi haikudanganya. Inapima pH, kipimo cha 0 hadi 14: chini ya 7 ni asidi, juu yake ni alkali. Basi. Uongo uko kwenye maneno yanayofuata.

Maji ukishayameza yanatua tumboni, penye asidi ya pH kati ya 1.5 na 3.5. Piga hesabu: lita nzima ya maji matupu ya pH 9.5 inazimwa na mililita 1 tu ya asidi ya pH 1.5. Yakiwa na baikabonati, chumvi ya alkali kama iliyomo kwenye magadi, itahitajika asidi zaidi, na tumbo linayo. Damu nayo hukaa kati ya 7.35 na 7.45, ule chakula gani, unywe maji gani. Mapafu hutoa kaboni dioksidi, hewa inayoleta asidi kwenye damu, kila unapopumua; figo hutupa ziada ya asidi au alkali kwenye mkojo. Ndiyo maana wauzaji wengine hupenda kukupima mkojo. pH yake ikipanda, maana yake figo zimemwaga ile alkali uliyoilipia.

Kuhusu saratani, kweli mazingira ya uvimbe huwa na asidi. Lakini ni uvimbe wenyewe unaoitengeneza, na maji ya kunywa hayafiki huko kuibadilisha.

Ingekuwa alkali ni tiba, Ziwa Natron, ambalo pH yake hupita 10, lingekuwa hospitali ya rufaa. Na kuzunguka Mlima Meru kuna chemchemi na visima vingi vyenye maji ya alkali ya asili. Maji ya aina hiyo hubeba madini ya floridi kwa urahisi kutoka kwenye miamba ya volkano, wakati Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Wenyeji wanayajua matokeo: meno ya kahawia, na kwa baadhi ya watoto miguu iliyopinda. Kinachowaumiza ni floridi, si alkali, ila hiyo alkali haijawakinga na chochote.

Pesa ikipotea hutafutwa nyingine. Tunachokiogopa ni mgonjwa wa kisukari au presha kuacha vidonge kwa sababu "maji yanafanya kazi". Mwenye ugonjwa wa figo asiyaguse maji hayo kabla ya kuongea na daktari wake. Na kupandisha pH si kuua vijidudu. Maji ya bomba yachemshwe kama kawaida.

Muuzaji alikuwa ameahidi kurudi Jumamosi kuchukua malipo ya awali. Mama akatuomba kichupa cha dawa ya rangi. Magadi, alisema, anayo nyumbani.