Kuunda Gitaa Wakati wa Dhiki: Yanayosemwa na Ukweli Wenyewe

Mtu akifiwa, akipoteza kazi au akiuguza kwa muda mrefu, majirani wanajua la kumwambia: jipe moyo, mwombe Mungu, jishughulishe. Lakini akisema anajishughulisha kwa kuchonga gitaa, watu wanaanza kuulizana pembeni kama akili yake iko sawa. Maneno ya namna hiyo nimeyasikia Busia na nimeyasikia Kampala. Mengi hayana msingi, na yanamzuia mtu kushika kazi ambayo ingemsaidia kuvuka miezi migumu.

Linalosemwa zaidi ni kwamba gitaa lenye sauti hutoka ng'ambo, kwa mbao za ng'ambo. Historia ya chombo chenyewe inakataa. Antonio de Torres, fundi Mhispania aliyefariki mwaka 1892, ndiye aliyelipa gitaa la kawaida umbo tunalolijua leo. Mwaka 1862 aliunda gitaa lenye mgongo na mbavu (pande zake) za karatasi zilizogandishwa kwa gundi, uso peke yake ukiwa wa ubao, ili aonyeshe kwamba sauti huzaliwa hasa usoni. Gitaa hilo bado lipo, limehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya muziki mjini Barcelona. Torres alianza maisha kama seremala wa kawaida, na kabla jina lake halijajulikana alikuwa ameshamzika mke wake na watoto.

Karibu miaka mia moja baadaye, mwaka 1963, kijana Mwingereza aitwaye Brian May, ambaye baadaye alikuwa mpiga gitaa wa bendi ya Queen, alianza kuunda gitaa lake la umeme pamoja na baba yake. Shingo waliichonga kutoka mbao za meko kuukuu, na springi zilitoka kwenye injini ya pikipiki. Gitaa hilohilo ndilo alilolipiga kwenye majukwaa makubwa ya dunia. Hapa kwetu, penye pikipiki kila kona na vitanda vya mvule vilivyorithiwa kutoka kwa mababu, sioni kwa nini mtu aseme vifaa hakuna.

Mvule wa mlango uliobomolewa au kitanda kilichovunjika unafaa sana kwa shingo, kwa sababu umeshakauka miaka mingi. Usiufuate msituni, miti hiyo imepungua mno. Ukiupiga msasa vaa barakoa, kwani vumbi lake huwasha ngozi na kusumbua kifua. Kwa mgongo na mbavu, saipresi ya mashambani inatosha, na Wahispania wenyewe hutumia ndugu yake kwenye magitaa ya flamenko. Kwa uso wa gitaa la kwanza, nenda kwa wauza mbao wa Ndeeba, Kampala, ukapekue paini hadi upate ubao wenye nyuzinyuzi zilizonyooka, usio na fundo hata moja. Wauzaji watakuchoka. Wavumilie.

Kinachoharibu magitaa ya kwanza mara nyingi ni maji yaliyomo ndani ya ubao, hata kama mti wenyewe ni mzuri. Ubao hupanuka na kusinyaa kwa upana, kwa urefu haubadiliki sana. Ukigandisha uso wakati wa mvua za Machi hadi Mei, ubao ukiwa umenyonya unyevu, kiangazi kikija utasinyaa na kupasuka. Panga mbao ndani ya nyumba, weka vijiti katikati yake ili hewa ipite, subiri, kisha gandisha katika wiki kavu. Klampu zikikosekana, kata tyubu kuukuu ya baiskeli iwe mikanda mirefu, uzungushe na kukaza. Inabana vizuri ajabu.

Wengine huogopa hesabu. Wanaziona freti, vile vyuma vyembamba vinavyokingama shingo, zikisogeleana kuelekea tundu la sauti, wanadhani kuna siri ya kiwandani. Siri hiyo inaingia kwenye kikokotoo cha simu. Chukua urefu wa uzi, tuseme milimita 650, ugawe kwa 17.817. Unapata 36.5, na hapo ndipo freti ya kwanza inapokaa. Toa hizo kwenye 650, gawa kinachobaki kwa namba ileile, unapata 34.4 za freti ya pili. Endelea hivyo na freti ya 12 itaangukia milimita 325, katikati kabisa ya uzi. Unapochora alama, pima kila freti kutoka mwanzo wa shingo, pale uzi unapoanzia karibu na vigingi: 36.5, kisha 70.9, kisha 103.4. Ukipima kutoka freti iliyotangulia, makosa madogo yanajumlishana.

Wapo wanaosema pia kwamba uzi ni uzi, weka wowote. Hapana. Seti ya nyuzi za chuma huvuta kwa nguvu ya kilo 70 hivi kwa jumla, na za nailoni karibu kilo 40. Kwa gitaa la kwanza weka nailoni. Mtu ambaye ameshaumia hahitaji kuona daraja, kipande kinachoshikilia nyuzi usoni mwa gitaa, likibanduka usiku ule alipokaza nyuzi.

Sasa tuzungumze juu ya dhiki yenyewe, maana ndiko kwenye dhana inayoniumiza zaidi. Kuna wanaodhani kazi ya mikono inafuta mawazo. Haifuti. Unapokunja ubavu, ubao mwembamba wa milimita mbili uliolowekwa maji, ukiukandamiza juu ya bomba la moto, hakuna nafasi ya kuwaza deni wala kaburi, ukiharakisha unavunjika. Lakini ukikaa kupiga msasa, mikono ikishazoea, mawazo yanarudi. Nadhani faida iko hapohapo. Yanarudi ukiwa umeshika kitu, ukiwa na mahali pa kupumzisha macho, na unaweza kuyaacha yapite bila kulala chali ukitazama dari. Tena gundi inataka usiku mzima ikauke, kwa hiyo kesho una jambo linalokungoja. Kwa mtu ambaye siku zake zimekuwa zote sawa, hilo ni kubwa. Shule zetu za Uganda zilipofungwa, zote au baadhi, kuanzia Machi 2020 hadi Januari 2022, walimu wengi wa shule binafsi walikosa mshahara, na walikosa pia sababu ya kuamka. Jeshi la Marekani lilikuwa limeliona jambo hili mapema: mwaka 1918 liliajiri wanawake wa kuwafundisha wanajeshi waliojeruhiwa kazi za mikono, kama sehemu ya matibabu yao.

Nimesema sehemu. Anayekuambia gitaa linatosha badala ya daktari anakupoteza. Ukikosa usingizi wiki baada ya wiki, ukakosa hamu ya chakula, au ukaanza kufikiri kwamba heri usingekuwepo, mwambie mtu leo hii na uende hospitali. Butabika, hospitali ya magonjwa ya akili mjini Kampala, ipo tangu 1955, na hospitali za rufaa za mikoani zina vitengo vya afya ya akili. Na matibabu si vidonge tu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulifanyika katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, maeneo yaliyokuwa yamepigwa vibaya na UKIMWI. Watu wenye sonona walikutana kwa vikundi mara moja kwa wiki, kwa wiki 16, wakiongozwa na wenyeji waliopewa mafunzo, na nafuu waliyoipata ilikuwa kubwa kuliko ya wale wasiokutana. Kwa hiyo usijifungie na mbao zako. Chongea barazani, mwachie jirani ashike upande mmoja wa ubao, zungumzeni.

Na kama umeandikiwa dawa zinazoleta usingizi, au umekesha, usikaribie msumeno wa mashine. Mpe fundi akukatie mbao, wewe baki na randa, tupa na msasa.

Kwamba lazima uwe mwanamuziki kwanza: si lazima, mradi umpate mmoja wa kukusaidia kulijaribu. Kwamba ni kazi ya wanaume: kina mama wanaosuka mikeka wana mikono yenye subira ambayo maseremala wengi tungeitamani.

Wengine hukataa kuanza kwa hofu ya kutomaliza. Shingo iliyochongwa nusu inaweza kukaa juu ya kabati mwaka mzima bila kuharibika, na ubao utazidi kukauka. Anza na hiyo shingo kabla ya kitu kingine, kwa sababu haihitaji moto wala gundi: kipande cha mvule mkavu, penseli, randa na tupa. Waya wa freti na vigingi vya kukazia nyuzi vitoe kwenye gitaa bovu. Yapo mengi makanisani na mashuleni, yamewekwa stoo, na ukiomba kwa adabu utapewa.